X Nyekundu Kwenye Mlango wa Fundi

X ya kwanza ilibandikwa kwenye nguzo ya duka la viatu, na hakuna aliyeijali. Ya pili ikabandikwa karibu na bomba la maji, ya tatu kwenye fremu ya duka la saa. Ilipofika ya tisa, kwenye mlango wa fundi cherehani, muuza saa alikuwa ameacha kutafuna mkate wake, na mwenye viatu alikuwa ameanza kushusha maboksi kutoka rafu za juu kama mtu anayehama.

Kila mtu mjini anajua X nyekundu ukutani maana yake nini. Wanakuja watu wawili wenye karatasi, hawasalimii, wanaweka alama, wanaondoka. Mwezi haujaisha, tingatinga linafika.

Ila huyu aliyekuwa akibandika hakuwa na karatasi. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, shati la mistari lililopauka kwenye kola, na begi mgongoni ambalo ungedhani ndilo lililombeba yeye. Vipande vya utepe wa gundi mwekundu alikuwa amevishika kwa midomo. Alikuwa akipiga hatua tatu, anabandika, anarudi nyuma, anafumba jicho moja, anatikisa kichwa kwa furaha. Furaha hiyo ndiyo iliyomuudhi fundi kuliko X yenyewe.

Fundi alitoka na mkasi mkononi na futi ya kupimia shingoni. Alivaa gauni la manjano lenye nukta nyeupe, alilolishona mwenyewe, likambana kiunoni na kumwagika vizuri magotini. Wateja waliokuwa wakipita katika ile korido ndefu yenye paa la vioo walimpisha.

"We kaka! Simama hapo hapo."

Kijana akasimama.

"Nani kakutuma?"

"Mmm."

"Nakuuliza nani kakutuma uje kubomoa jengo letu!"

Akatema utepe. "Kubomoa? Mimi? Dada yangu, nitazame vizuri. Mimi hata biskuti nabomoa kwa shida. Mimi ni mwanafunzi."

"Mwanafunzi wa kubomoa?"

"Wa filamu. Wa zile picha za kutengeneza kwa kompyuta. Nataka tu kumpitisha tembo hapa."

Watu waliokuwa wameshasogea kusikiliza wakanyamaza. Muuza saa akarudia neno hilo polepole, kana kwamba analipima. "Tembo."

"Si tembo wa kweli, mzee wangu. Wa kompyuta."

Kutoka ndani ya duka, juu ya mlio wa cherehani, ikaja sauti nzito ya mwanamke. "Muulizeni huyo tembo suti zake anashona wapi!"

Huyo alikuwa shangazi yake fundi, mwenye duka, mwenyekiti wa wenye maduka wote wa korido ile na mshika funguo za geti lake. Watu walicheka, na kicheko kikamwokoa kijana. Akaeleza haraka kabla hakijaisha. Yeye anapita na kamera. Kisha kompyuta inaitazama ile video, inatafuta vitu visivyosogea, kona ya nguzo, msumari, alama, na kwa jinsi vinavyopishana inatambua kamera ilipita wapi. Ikishatambua, ndipo anaweza kumweka tembo wake ndani ya korido, akakanyaga sakafu kama sisi.

"Na kuta hizi ni nyeupe tupu," alisema. "Kompyuta haina pa kushika. Ndiyo maana nabandika alama."

"Nyekundu?"

"Dukani ulibaki huo tu."

Fundi alimtazama. Alitaka kuendelea kukasirika, lakini hasira ilikuwa imeshamponyoka, na hakujua imeanguka wapi. Akaukaribia mlango wake, akaibandua ile X, akaigeuza kidogo tu, akaibandika tena. Ikawa alama ya kujumlisha.

"Hivi je? Kompyuta yako itanuna?"

"Haitanuna."

"Basi geuza zote. Na uache namba yako ya simu hapa, nikikuta ukuta umebanduka rangi nijue pa kukupata."

Akazigeuza zote tisa, mbele ya umati, mwenye viatu akirudisha maboksi yake juu. Kisha akaomba watu wasipite kwa dakika mbili tu. Walikubali kwa vichwa na wakapita kwa miguu. Fundi naye alipita, tena mara mbili, maana aliitwa ng'ambo kuchukua uzi, na gauni lake la nukta likavuka katikati ya kamera kama taa.

*

Siku mbili baadaye simu ya dukani, ambayo namba yake ilichorwa juu ya mlango, ililia.

"Haloo, fundi hapa."

"Haloo fundi. Huku ni yule wa kubomoa."

Shangazi aliinua macho kutoka kwenye cherehani. Fundi akampa kisogo.

"Ehe. Umekuja na tingatinga?"

"Bado linatiwa mafuta. Fundi, nina shida. Kompyuta imekung'ang'ania."

"Imenifanya nini?"

"Nimeipa ile video itafute vitu visivyosogea. Imeacha nguzo, imeacha alama zangu zote tisa, imeshika nukta za gauni lako. Nyeupe juu ya manjano, zinaonekana kuliko kitu chochote humo ndani. Sasa inaamini kwamba wewe ndiye uliyesimama, na jengo lote linakuzunguka."

Fundi alizungusha waya wa simu kidoleni. "Kwa hiyo kompyuta yako imenipenda."

"Kompyuta haina adabu. Naomba radhi kwa niaba yake."

"Na mwenye kompyuta je?"

"Mwenye kompyuta ana adabu, ndiyo maana amepiga simu kwanza."

"Nani huyo?" shangazi aliuliza.

"Mteja."

"Mteja gani anakufanya ucheke na ukuta?"

Ndivyo ilivyoanza. Wiki iliyofuata kijana alikuja na shati lililokatika kifungo. Siku ya tatu akaja na jingine. La nne shangazi alilichukua mwenyewe, akaliweka karibu na dirisha, akavaa miwani. "Mwanangu," alisema kwa upole wote, "kifungo kikikatika chenyewe huacha nyuzi. Hiki kimekatwa kwa wembe. Chukua stuli ukae, uache kutesa mashati."

Akakaa. Huku akichezea bobini tupu ya uzi mezani, akamweleza fundi kile ambacho alikuwa hajamweleza mtu nje ya chuo. Kazi hii ya mwisho alikuwa ameshaifeli mara moja. Mwaka uliopita tembo wake aliteleza. Alikuwa mzuri, ngozi yake ina mikunjo, masikio yanapepea, lakini kila alipokanyaga miguu iliserereka kama ana sabuni, kwa sababu video haikuwa imepigwa vizuri na kompyuta haikujua kamera ilikuwa wapi. Darasa zima lilicheka. Tangu siku hiyo wanamwita Tembo.

"Wewe? Na mwili huo?"

"Ndio uchungu wenyewe. Nimepewa nafasi moja tu ya kurudia. Safari hii tembo akiteleza, chuo basi. Narudi nyumbani kumwambia baba kwamba miaka mitatu imekwenda hivi hivi."

Fundi hakucheka. Alijua uchungu wa kazi kurudishwa mbele ya watu. "Sasa unataka nini ili asiteleze?"

"Korido tupu. Asubuhi, mwanga ukiwa umetulia. Na vipimo vya kila kitu."

"Vipimo," alisema fundi, akavua futi shingoni. "Hiyo ndiyo kazi yangu."

Waliipima korido yote jioni ile, yeye akipiga magoti sakafuni, Tembo akishika ncha ya futi upande wa pili. Nguzo hadi nguzo, mlango hadi mlango, kimo cha bomba. Fundi aliandika katika daftari lake la wateja, baina ya mama mmoja wa magauni ya harusi na mwalimu wa kwaya: Mheshimiwa Korido. Mabega, mita nne na nusu. Urefu, mita thelathini na mbili. Kiuno hana.

"Na mimi utanipima lini?" Tembo aliuliza.

"Wewe ulishapimwa siku ya kwanza. Ulipunguka."

Shangazi alitoa ufunguo kwa sharti moja, kwamba mpwa wake ndiye atakayeushika. Tembo alisema hakuna tatizo, maana anataka mpwa huyo awemo kwenye filamu. Atatembea mbele, na tembo atamfuata nyuma akichungulia maduka. "Ila gauni la nukta hapana. Lisilo na alama yoyote, tafadhali."

Fundi alishona jipya. Kijani cha jani bichi, mikono mirefu, hakuna ua, hakuna mstari. Aliamka mapema siku tatu mfululizo kulimaliza. Jumapili walipofungua geti, jua lilikuwa ndiyo kwanza linapenya kwenye vioo vya paa, na Tembo alimtazama akasahau alichokuwa anafanya na mguu wa stendi ya kamera, ukambana kidole.

"Pole," alisema fundi.

"Nimepoa. Umependeza mpaka sijui niseme nini."

"Sema hivyo hivyo."

Tembo alipiga video kwanza bila mtu. Polepole, kutoka getini hadi duka la saa, kamera ikipita pembeni ya nguzo. Kisha akapiga tena njia ile ile, fundi akitembea.

"Kwa nini umepiga na tupu?" fundi aliuliza.

"Nitakueleza. Jua linapanda, ngoja kwanza." Akasahau kumweleza.

*

Jumatano fundi alifunga kazi mapema, akapika, akaweka chakula kwenye hotipoti, akakifunga kwa kitambaa kilichobaki kwenye lile gauni la kijani. Alitaka kumshtukiza. Chuoni akaelekezwa chumba cha kompyuta, chumba cha baridi chenye mapazia meusi na viti vinavyozunguka. Tembo hakuwepo. Alikuwepo mwenzake mmoja wa darasa, aliyeitwa Miwani kwa sababu zilizo wazi.

"Ameitwa na mwalimu, anarudi sasa hivi. Kaa hapo kwake."

Fundi akakaa mbele ya kioo cha kompyuta. Na pale kiooni ilikuwepo korido yao. Nguzo, bomba, mlango wa duka lao na alama yake ya kujumlisha. Tembo mkubwa wa kijivu alitoka getini akatembea hadi duka la saa, video ikaisha, ikaanza tena. Mbele yake hakukuwa na mtu.

Alitazama mara nne. "Si kulikuwa na dada kwenye hii video?" aliuliza, kwa sauti aliyoitaka iwe ya kawaida.

Miwani hakugeuka. Alikuwa na haraka ya kazi yake mwenyewe. "Wa gauni la kijani? Ametolewa. Mtu akisogea anaichanganya kompyuta. Bila yeye kazi inakwenda."

Sasa, msomaji, Miwani hakusema uongo hata kidogo, na wala hakujua anaongea na nani. Lakini fundi alikuwa na kidonda chake. Miaka miwili nyuma alikuwa na mchumba, na siku mchumba huyo alipobadili mawazo, alikuja dukani, akachukua picha waliyopiga wawili, akaazima mkasi mezani, mkasi wa fundi mwenyewe, akaikata katikati. Upande wake akautia mfukoni. Upande wa fundi akauacha juu ya meza, pamoja na vitambaa chakavu.

Fundi aliinuka. Hotipoti akaiacha pale pale, maana hata akiwa na hasira hakuweza kumnyima mtu chakula.

Tembo aliporudi aliikuta bado ya moto. Kitambaa cha kijani alikitambua mara moja. "Alikuwa hapa? Umemwambia nini?"

Miwani akamwambia alichomwambia. Tembo akakaa chini taratibu.

Alikuwa ametoka kwa mwalimu na habari mbaya tayari. Mwalimu, mwanamke wa maneno machache, alikuwa ameitazama ile video kwa kuinama, pua karibu iguse kioo, kisha akaweka kidole kwenye mguu wa nyuma wa tembo, wa kushoto. "Anateleza," alisema. Kamera ilikuwa imeachwa ijirekebishe yenyewe. Kila nguzo ilipopita karibu, lenzi ilisogea kidogo kutafuta ukali wa picha, na kompyuta ikapoteza hesabu. Video zote mbili hazifai. Lazima zipigwe upya kabla ya Jumanne.

Na korido huwa tupu Jumapili tu. Na ufunguo alikuwa nao fundi.

*

Tembo alipiga simu mara kumi na moja. Siku ya pili ikapokelewa.

"Haloo? Mpenzi, nisikilize..."

"Marahaba," ilisema sauti nzito.

"Shikamoo shangazi."

"Nilishaitikia. Mpenzi wako hayupo, na mimi nina mume. Unasemaje?"

"Naomba kuongea naye, shangazi. Kuna jambo hakulielewa, na kosa ni langu, sikumweleza."

"Simu hainioneshi uso wa mtu. Njoo."

Alikwenda Ijumaa, shati limepigwa pasi, vifungo vyote vipo. Fundi alipomwona anakuja kwenye korido aliingia chumba cha kujaribia nguo akavuta pazia. Pazia lile lilikuwa fupi. Tembo aliviona viatu vyake vyekundu chini yake, vimesimama, havisogei. Shangazi akamwonesha stuli.

"Haya. Yeye hayupo. Nieleze mimi."

"Shangazi, ukishona koti, unashona bitana?"

"Unanifundisha kazi?"

"Hapana. Nauliza, ile bitana ya ndani watu wanaiona?"

"Wanaona koti."

"Lakini bila bitana koti halikai. Basi ile video tupu ndiyo bitana yangu. Kompyuta inaitumia kujua kamera ilipita wapi, kwa sababu mtu akitembea inamng'ang'ania yeye. Ikishajua, naleta video yenye mtu, naiweka juu yake. Sikumtoa, shangazi. Nilikuwa bado sijafika kumweka. Filamu yenyewe haina maana bila yeye. Tembo anamfuata nani?"

Viatu vyekundu vikageuka vidole kumwelekea.

"Nilitakiwa kumweleza siku ile ile aliponiuliza," Tembo aliendelea, sauti imeshuka. "Nikasema ngoja, jua linapanda. Nimeomba radhi kwa kompyuta, sasa naomba radhi kwa kosa langu mwenyewe. Mimi ninampenda. Hata kama hayupo, naomba umfikishie."

"Nitamfikishia," alisema shangazi, bila kutazama pazia. "Na kazi yako? Umemaliza?"

Hapo macho yalimwenda Tembo kwenye msumari ukutani ambako ufunguo wa geti ulining'inia. Neno moja tu, na angeokoa mwaka wake. Shangazi angempa, alikuwa ameshalainika.

"Inaendelea, shangazi," alisema. "Ila siyo iliyonileta."

Akaaga, akaondoka. Alipofika nje alituma video kwenye simu ya fundi, na maneno machache: Tazama mwenyewe. Humo umo.

*

Fundi aliitazama Jumamosi asubuhi, kabla hajafungua duka, amekaa mbele ya cherehani yake. Humo alikuwamo. Alitembea katika korido kwa gauni lake la kijani, mabega yamenyooka, na nyuma yake yule mnyama mkubwa alikuja taratibu akimtazama kama mtu asiyetaka kumpoteza njiani. Kila ukosi, kila pindo, kila unywele ulikuwa umewekwa kwa subira. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa futi.

Akaitazama tena. Mara ya tatu akasogeza simu karibu. Fundi ana jicho la mshono unaopinda kwa nusu milimita, huwezi kumficha kitu.

Akapiga simu.

"Tembo wako anateleza."

Akasikia kiti kikisogezwa upande wa pili.

"Mguu wa nyuma, wa kushoto. Ninapofika karibu na duka la saa."

"Najua," alisema Tembo.

"Tangu lini?"

"Jumatano."

"Na jana ukakaa hapa nusu saa nzima ukihubiri habari za bitana, ufunguo unakutazama machoni, hukusema?"

"Ningeuomba ufunguo, ungejuaje nimefuata nini?"

Fundi alifumba macho. Kijana huyu angerudi kwao mikono mitupu, angesimama mbele ya baba yake bila la kusema, kuliko kumwachia yeye shaka moyoni. Hakuna aliyewahi kumfanyia hivyo. Alimpenda pale pale, moja kwa moja, kwa moyo wake wote uliokuwa umekatwa katikati na kushonwa tena, na hakuona sababu ya kujificha.

"Mjinga wewe," alisema.

"Naam."

"Mjinga wangu mwenyewe. Kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ukichelewa dakika moja nafunga."

Alifika saa kumi na mbili. Geti lilikuwa wazi tayari. Alama zilikuwa zimeongezwa ukutani, ishirini na sita, kila moja imekatwa kwa mkasi na kubandikwa kwa kipimo kutoka kwenye daftari la Mheshimiwa Korido, na zote zilikuwa za kujumlisha. Shangazi alikuwa amekaa getini kwenye kiti chake, chupa ya chai miguuni, tayari kumrudisha yeyote atakayethubutu kupita.

Safari hii Tembo aliifunga lenzi kwa utepe isisogee hata kwa bahati mbaya. Alitembea polepole kuliko mara ya kwanza, pumzi ameibana, nguzo za karibu zikipishana na milango ya mbali. Alipiga tupu mara nne. Kisha akamwita.

"Sasa wewe."

"Nitembeeje?"

"Kama mtu anayejua anafuatwa."

"Na anayependa kufuatwa?"

"Hiyo sitakufundisha mimi."

Shangazi alikohoa. Kamera ikaanza.

*

Jumanne, mwalimu aliinama tena hadi pua ikakaribia kioo. Darasa zima lilikuwa nyuma yake, na safari hii hakuna aliyethubutu kucheka. Alitazama mguu wa nyuma wa kushoto. Akarudisha video, akatazama wa kulia. Akarudisha mara ya tatu, na mara hiyo hakuangalia miguu, alikuwa akimwangalia dada wa gauni la kijani.

"Huyu anakanyaga," alisema, akaandika alama kwenye karatasi yake, akaenda kwa mwanafunzi mwingine. Miwani ndiye aliyepiga kelele ya kwanza.

Tembo hakupiga simu. Alikimbia hadi kwenye jengo la maduka, kompyuta kwapani, akaingia dukani jasho linamtiririka. Muuza saa na mwenye viatu wakamfuata mlangoni kusikiliza.

"Amekanyaga!" alisema.

Fundi aliruka kutoka kwenye kiti, uzi ukakatika, na pale mbele ya shangazi na wenye maduka wawili akamkumbatia. Siku hiyo alikuwa amevaa lile la manjano, lenye nukta nyeupe. Shangazi alijitia hamnazo akatunga sindano isiyohitaji uzi.

"Kuna kitu kingine nimekuja nacho," alisema Tembo, akafungua kompyuta juu ya meza ya kukatia. "Hii ni video ya siku ya kwanza. Ile niliyokwambia imeharibika. Sijaifuta."

Ilikuwa korido siku ya kazi, imejaa watu. Na katikati yake fundi, katika gauni lile lile. Lakini nguzo zilikuwa zinayumba, milango inahama, paa la vioo linainama, wateja wanapita wamelalia upande. Jengo zima na mji wote uliokuwa ndani yake vilizunguka. Yeye peke yake alikuwa ametulia katikati.

"Mwalimu aliniambia hili ni kosa, nilitupe," alisema Tembo. "Nimelitazama mwezi mzima, nashindwa kuliona kosa. Mimi mwenyewe naishi hivyo tangu siku uliyonitolea mkasi." Akasukuma kompyuta pembeni. "Nataka tuoane. Sina zaidi ya hapo la kusema, nilikuwa nimeandika maneno mengine lakini nimeyasahau njiani."

Shangazi aliweka sindano chini.

Fundi alinyoosha mkono kwenye droo ya vifungo, akatoa kilichobaki cha utepe mwekundu, akakata vipande viwili. Akavibandika kwenye shati la Tembo, upande wa moyo, kimoja juu ya kingine.

Tembo aliinamisha kichwa akatazama. Ilikuwa X. Uso ukamsawijika.

"Usisogee," alisema fundi. Akaikamata alama ile kwa vidole viwili, akaigeuza kidogo.